Maneno ya Baada ya Ibada

Ibada yetu hapa Moiben huisha saa saba kasorobo, lakini maneno hayaishi. Yanahamia nje, chini ya miblugamu, wanaume wakiegemea pikapu na akina mama wakizungusha chupa za chai. Pale ndipo mambo ya kijiji huamuliwa: nani auze mahindi sasa na nani angoje bodi ya nafaka ifungue maghala, ng'ombe wa nani kapandishwa mara tatu na bado, mtoto wa nani kahamishwa shule.

Jumapili moja ya Januari, wiki ya kufungua shule, niliulizwa mbele ya watu: "Mzee, wewe ni mtu wa kanisa. Mbona watoto wako bado wako shule ya serikali?" Aliyeuliza ni rafiki, tunaazimana trekta. Hakuwa na ubaya. Aliuliza kama mtu anavyomuuliza mwenzake mbona anakata ngano kwa mundu na kombaini zimejaa Uasin Gishu nzima. Kabla sijafungua mdomo wengine wakadakia, na kwa robo saa nikamiminiwa madai yote ambayo nimeyasikia kwa miaka. Siku ile nilijibu ovyo kwa sababu nilikuwa na njaa. Leo nimekula. Nayachukua moja moja, ingawa si yote yanayostahili nafasi sawa.

"Shule za serikali zimemfukuza Mungu."

Hili lilitoka kwa kijana aliyeshika simu, na nadhani lilitoka kwenye simu hiyo hiyo. Kule Marekani, mwaka 1962, Mahakama ya Juu iliamua kwamba serikali haina ruhusa ya kutunga sala na kuisomesha katika shule za umma. Tangu hapo wapo wahubiri wa kule ambao hawajaacha kulia kwamba Mungu katolewa darasani, na kilio hicho sasa kinatufikia kwa bando la shilingi 20. Ugonjwa ni wa watu wengine, sisi tumeshaanza kuunywea dawa.

Twende kwa ya kwetu. Dibaji ya Katiba ya 2010 inaanza kwa kumkiri Mwenyezi Mungu. Wimbo wa taifa, ule watoto wanaouimba paredi wakiwa wamesimama kwenye umande, ni sala. Mtoto Mkristo anasoma CRE, Mwislamu ana somo lake, Mhindu ana lake, na yote hutahiniwa. Juu ya hayo shule ya msingi ina kipindi cha PPI kila wiki, nusu saa iliyotengwa ili mchungaji, padri au shehe aje akae na watoto. Nimekuwa kwenye bodi ya shule miaka kadhaa. Najua kipindi hicho huenda wapi: watoto humalizia hesabu, au hufagia. Mlango haujafungwa na mtu. Ratiba imebandikwa ukutani, kipindi kina jina letu, na sisi tuko kwenye semina Eldoret.

Ni kweli kwamba kifungu cha 8 cha Katiba hiyo kinasema nchi haina dini ya taifa, na wapo wanaosoma hapo wakaona shetani. Mimi naona ua wa shamba. Kama serikali ingekuwa na dini, ingebidi iwe na dhehebu, na sijaona bado muumini wa kanisa la AIC anayetaka mtoto wake afundishwe sala na mtu wa ofisini aliyetumwa na Wakatoliki, wala Mkatoliki anayetaka kinyume chake.

Lakini hoja za sheria hazimgusi mtu chini ya mti. Kinachogusa ni mzee Maruge.

Wengi wa hapa wanalikumbuka jina, wachache wanakumbuka sababu. Januari 2003 serikali ya Kibaki ilifuta karo ya shule za msingi. Mwaka mmoja baadaye, Januari 2004, Kimani Ng'ang'a Maruge, mzee wa miaka 84 aliyewahi kupigana upande wa Mau Mau, alifika katika shule ya msingi ya Kapkenduiywo hapo Eldoret akiwa na kaptula na soksi ndefu, maana sare ni sare, akaomba kuandikwa darasa la kwanza. Dunia ilipiga picha, Guinness wakamwandika kwenye kitabu chao, na mwaka 2005 akapandishwa ndege kwenda New York kuzungumza kwenye Umoja wa Mataifa kuhusu elimu. Baadaye ikatengenezwa filamu. Katika kelele zote hizo, jibu lake mwenyewe lilikuwa la kawaida kabisa. Alitaka kujua kuhesabu, ili fidia ya wapigania uhuru ikija asipunjwe. Na alitaka kuisoma Biblia kwa macho yake, kwa sababu alishuku kwamba mhubiri hasemi yaliyoandikwa.

Ningekuwa mchungaji, ningemwogopa mwanafunzi wa namna hiyo kuliko mkaguzi yeyote.

Ghasia za baada ya uchaguzi wa 2007 zilimpokonya mali na kumtupa kwenye hema la wakimbizi, hapo hapo Eldoret, na bado aliendelea kwenda darasani. Mwaka 2008 akahamia Nairobi, akaendelea na shule Kariobangi. Alibatizwa 2009, na Agosti mwaka huo huo akafariki. Ukihesabu, darasa lilitangulia ubatizo kwa miaka mitano, na darasa lenyewe lilikuwa la serikali. Alikuwa na miaka 84, hakuwa na pesa, na mlango aliougonga ni ule usiouliza una nini mfukoni.

Wala si ajabu. Waganda waliwaita Wakristo wa kwanza abasomi, Wakikuyu waliwaita athomi: wote wawili maana yake ni watu wanaosoma. Pwani, mtoto aliyekwenda chuoni alikwenda kujifunza Kurani. Lugha zetu hazikuwahi kutenga ubao na madhabahu.

"Mzazi anayempenda mtoto wake humtoa huko."

Hapa sina mikono safi. Mtoto wangu wa kwanza nilimpeleka akademia, shule ya binafsi. Niliuza mtamba, ng'ombe ambaye angezaa miezi minne baadaye, nikalipa karo ya mwaka, nikanunua sanduku la bati na sweta zenye nembo. Basi la manjano lilipita kwenye barabara yetu saa kumi na moja alfajiri, taa zikimulika ukungu wa Moiben, na mtoto wa miaka saba akipanda huku amefumba macho. Jioni alisinzia juu ya ugali. Miaka miwili. Nilimrudisha shule ya kijiji si kwa sababu nilipata ufunuo, bali kwa sababu bei ya mahindi ilianguka. Nasema hivyo mapema ili mtu asije akanivisha utakatifu.

Kwa hiyo simlaumu mzazi. Shule ya serikali yenye watoto 70 katika chumba kimoja inatisha, na mwenye uwezo wa kukimbia hukimbia. Sikatai pia kwamba kuna tatizo la kusoma kwenyewe. Watu wa shirika la Uwezo walipoanza kupita nyumba kwa nyumba wakiwapima watoto, zaidi ya miaka kumi iliyopita, walikuta takriban watoto 3 tu kati ya 10 wa darasa la tatu wanaoweza kazi ya darasa la pili. Anayetetea shule za umma kwa kuficha hilo anatetea kitu kingine.

Ninachokataa ni hitimisho. Kwanza, yale matokeo mazuri ya akademia. Sisi ni watu wa maziwa, tuelewane kwa maziwa. Karani wa kituo cha kupokea maziwa ana laktomita. Anaichovya ndoani, anasoma, yenye maji anayarudisha, yaliyoganda anayarudisha. Jioni tangi lake ni safi kabisa. Je, yeye ndiye aliyefuga ng'ombe vizuri? Akademia nayo humpa mtoto usaili kabla ya kumpokea, na asiyelipa hurudi nyumbani katikati ya muhula. Enzi za KCPE, kabla mtihani huo haujafanywa mara ya mwisho 2023, ilikuwa siri ya wazi kwamba baadhi ya shule zilisajili watoto wazito kwenye kituo kingine ili wastani usishuke. Shule ya serikali haina laktomita. Inapokea ndoo zote, mjukuu wa Maruge na Maruge mwenyewe.

Pili, na hili ndilo linalonikosesha usingizi, mzazi akimtoa mtoto hamtoi peke yake. Anaondoka pia na mdomo wake. Nimeona mkutano wa wazazi ukibadilika mbele ya macho yangu. Zamani walikaa pale mwenye duka, karani wa ushirika, muuguzi wa zahanati, mke wa mchungaji. Mwalimu mkuu akisema pesa za vitabu zimeisha, mmoja wao aliomba kuona risiti. Sasa viti vile vina akina mama wa kibarua ambao wakikosa siku ya kupalilia wanakosa chakula cha jioni. Wanafika wamechelewa, wanaketi nyuma, wanatikisa kichwa kukubali, wanaondoka. Hawana upungufu wa akili. Hawana muda, na wamezoea kutosikilizwa. Hata baadhi ya walimu wa shule hizi watoto wao wako akademia, jambo ambalo ningelichekea kama lisingekuwa linauma.

Mpende mtoto wako, sawa. Lakini kwenye mfano wa Msamaria, wale wawili waliopita upande wa pili wa barabara huenda nao walikuwa wanawahi nyumbani kwa watoto wao.

Watu hupenda kunijibu hapo kwa orodha ya wakubwa waliotoka shule za serikali, kana kwamba nahitaji msaada. Siitumii orodha hiyo. Neno lenyewe linasema: walitoka huko.

"Elimu ni bure. Mwenye kazi ni serikali, kanisa lihubiri."

Nusu ya dai hili ni kweli, na nusu hiyo ndiyo watu wasiyoifuata. Kifungu cha 53 cha Katiba kinampa kila mtoto haki ya elimu ya msingi, ya bure na ya lazima. Kwa hiyo ndiyo, ni kazi ya serikali. Sasa tuone inavyofanywa.

Kiwango ambacho serikali imeweka kwa mtoto wa shule ya msingi ni shilingi 1,420 kwa mwaka. Chukua siku za masomo za mwaka mzima. Gawanya. Inakuja shilingi 8 hivi kwa siku, na mandazi moja hapa senta ni 10. Kwa hizo 8 unatarajiwa kupata chaki, vitabu vya mazoezi, umeme na ukarabati wa choo. Watoto wa sekondari msingi, ile tunayoiita JSS, wamewekewa 15,042, na tangu 2023 wamekaa kwenye viwanja vya shule za msingi ambavyo vingi havikujengewa maabara. Sekondari ni 22,244. Julai 2025 Waziri wa Fedha John Mbadi aliwaambia wabunge kwamba hazina haina uwezo wa kutoa kiasi hicho kamili kwa kila mwanafunzi. Wazazi walishtuka. Walimu wakuu hawakushtuka, walikuwa wakikopa unga dukani kwa muda mrefu.

Hapo ndipo dai la "mwenye kazi ni serikali" linapogeuka kisingizio. Mtu anayelisema hamwandikii mbunge, haendi kwenye kikao cha bajeti, haulizi mgao wa muhula uliingia tarehe ngapi. Analisema ili akae. Ukimdai mtu kweli, humfuati mlangoni?

Lakini nawaonya pia wenzangu wa upande wangu, sisi wa harambee. Tunapenda harambee. Shule nyingi za sekondari za nchi hii zilianza hivyo baada ya 1963, kwa kuku na mbuzi na shilingi tano tano, na huo ni urithi wa kujivunia. Ila nimeona harambee inayomfaa mwenye deni kuliko mdai. Kanisa linajenga darasa, mwanasiasa anakuja kulifungua kwa mkasi na utepe, anashangiliwa, na hakuna anayemuuliza mbona darasa hilo halikuwa kwenye bajeti. Sadaka ikifunika deni, maskini wameibiwa mara mbili. Mtu wa imani anatakiwa kushika vyote, nyundo kwa mkono mmoja na karatasi ya hesabu kwa mwingine. Inachosha, najua. Nimewahi kukaa saa nne nje ya ofisi fulani nikingoja barua ya kurasa mbili, nikarudi na ukurasa mmoja.

"Zilikuwa shule za kanisa. Turudishiwe."

Hili nitalimaliza haraka kwa sababu linajibiwa na sheria. Ni kweli misheni ndizo zilizoanzisha shule nyingi, na Sheria ya Elimu ya 1968 iliziweka mikononi mwa serikali, kanisa likabaki mfadhili. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inasema wazi kwamba shule iliyofadhiliwa na kanisa ni shule ya umma. Mfadhili ana viti vitatu kwenye bodi. Ana haki ya kuleta kasisi, kwa gharama yake. Ana wajibu wa kulea roho za watoto bila kumgusa mtoto wa dini nyingine. Na katika orodha hiyo hiyo kuna mstari ambao sijawahi kusikia ukisomwa kanisani: mfadhili atoe msaada wa fedha na majengo. Tunaukumbuka ubao wa langoni wenye jina la dhehebu letu. Bati linalovuja tunaliita la serikali.

Sisemi mambo ni rahisi. Kule Isiolo, Kanisa la Methodisti na mzazi Mwislamu walishtakiana kuhusu hijabu katika shule ya umma ambayo kanisa ni mfadhili wake, kesi ikapanda kutoka Mahakama Kuu hadi Mahakama ya Rufani, ambayo 2016 iliwaruhusu wasichana kuivaa, kisha Mahakama ya Juu ikaitengua hukumu hiyo Januari 2019, ikiitaka wizara itunge mwongozo. Miaka yote hiyo kwa kitambaa cha kichwa. Hiyo ni shule ya umma na mambo yamekuwa hivyo; je, ingekuwa yetu peke yetu?

Na nyanda hizi zina kumbukumbu yake. Makaburu walipofika Uasin Gishu na magari yao ya ng'ombe mwaka 1908, na walowezi wengine wakafuata, shule zikatengwa kwa rangi: za Wazungu, za Wahindi, na kwa Mwafrika aliyekaa kwenye shamba la bwana, akibahatika, kibanda cha kusomea. Wakati huo wote makanisa yalikuwepo. Wengine walisali Kiholanzi, wengine Kiingereza, na ua wa rangi ulikuwa umesimama. Shule inayopokea kila mtoto wa lokesheni bila kuuliza baba yake ni nani ni jambo jipya hapa. Halijatimiza hata miaka mia.

"Wito ni wa mchungaji. Sisi wengine tunatafuta riziki."

Dai hili halikusemwa kwa sauti. Lilisemwa na mama mmoja akikunja kitenge, karibu na sikio langu: "Ninyi mnaongea mambo ya wito. Mimi nina ng'ombe wa kukamua." Ndilo dai zito kuliko yote.

Ningeweza kumtajia watu wakubwa. Peter Tabichi, mtawa Mfransisko, mwalimu wa hisabati na fizikia katika sekondari ya kutwa ya Keriko kule Njoro, shule yenye kompyuta moja na intaneti ya kubahatisha, aliyekuwa akitoa asilimia 80 ya mshahara wake kwa wasiojiweza, na ambaye Machi 2019 alishinda kule Dubai tuzo ya mwalimu bora duniani, dola milioni moja. Au Bruda Colm O'Connell, Mwairishi aliyekuja 1976 kufundisha jiografia St. Patrick's Iten, mwendo mfupi tu kutoka hapa, akakuta wavulana wanaokimbia, akabaki nao. Peter Rono, aliyetwaa dhahabu ya mita 1500 Seoul mwaka 1988, alipitia shule hiyo. Au Carey Francis, anayenivutia kuliko wote kwa namna alivyomaliza: aliacha kazi ya chuo kikuu Cambridge, akaongoza Maseno tangu 1928, kisha Alliance tangu 1940 hadi 1962, akawalea wale waliokuja kuwa mawaziri, na alipostaafu hakurudi kwao kupumzika. Alikwenda kufundisha Pumwani, mtaa wa maskini wa Nairobi, hadi alipofariki 1966.

Lakini mama yule angenijibu vizuri: hao wote hawakuoa. Hawana karo, hawana mkwe, hawana ndama anayeharisha. Kwa hiyo nawaweka pembeni, namtaja mtu mwingine, bila jina kwa kuwa angenikemea.

Shule yetu ina mpishi. Watoto humwita kogo, yaani nyanya. Kila mzazi huleta gorogoro kadhaa za mahindi na maharagwe kwa muhula, na maharagwe ya hapa huja na mawe, kwa sababu watu huyapura kwenye ardhi tupu. Saa kumi na mbili asubuhi, kabla hajawasha kuni, kogo humwaga maharagwe juu ya gunia, hupiga magoti, na kuyapitisha kwa vidole. Anayasukuma kidogo kidogo, jiwe anatupa nyuma ya bega bila kuangalia. Siku moja nilimwambia, mama, ungeyaosha tu, mazito yangezama. Hakuinua kichwa. "Maharagwe pia yanazama," akasema. Kisha, baada ya kimya: "Mtoto akivunja jino kwa jiwe langu, Jumapili nitaomba nini?"

Mshahara wake hautoshi hata kuutaja, na kuna miezi hucheleweshwa mgao usipoingia. Hajawahi kuhubiri. Sidhani amewahi kutamka neno wito. Ila sijui namna nyingine ya kuieleza kazi ile.

Anayekamua ng'ombe naye yumo kwenye wito huo. Maziwa ya asubuhi, chupa moja kwa chekechea kila Jumatano, tayari. Wenye umri wangu tunaikumbuka pakiti ya maziwa ya Nyayo, iliyoanza 1979. Kuna wazee wa hapa ambao hawajasamehe lolote la utawala wa Nyayo isipokuwa kwa ajili ya pakiti hiyo. Fundi wa kuchomelea yumo. Anayejua kusoma hesabu yumo zaidi, maana ndiye adimu. Nenda kwenye mkutano wa wazazi hata kama mtoto wako kahitimu, hata kama yuko akademia, ukaombe kuona risiti kwa upole. Ni ibada isiyo na kwaya.

"Hata mkifanya, ni tone baharini."

Hili alilisema tena yule rafiki yangu wa trekta, wiki mbili baadaye, nilipomwambia Jumamosi tunakarabati madawati. Sikumjibu. Nilimwomba tu mashine yake ya kuchomelea, kwa kuwa ya kwangu imeungua koili.

Alikuja nayo mwenyewe, kwa sababu hamwamini mtu na mashine yake. Akakaa juu ya ndoo akituangalia tukipanga madawati yaliyokatika miguu kwenye nyasi, mengine yamechongwa majina ya watoto ambao sasa ni wababa. Baada ya dakika kumi akainuka, akamnyang'anya kijana miwani ya kuchomelea, akasema hiyo si namna ya kushika fimbo. Alichomelea hadi saa nane. Cheche zilimtoboa shati la Jumapili, sijui kwa nini alilivaa.

Wakati wa kufunga nyaya alikuwa akitazama dirisha la darasa la tatu, ambalo limezibwa kwa gunia la mbolea tangu upepo wa mwaka juzi.

"Hiyo vioo mlipewa pesa?" akauliza.

Nikamwambia tulipewa, kwenye karatasi.

"Karatasi iko wapi?"

Nikamwonyesha ofisi. Ilikuwa imefungwa, ni Jumamosi. Akaniuliza Jumatatu hufunguliwa saa ngapi.